Maji Niliyoshindwa Kumwaga

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mzee mmoja wa kanisa, amesimama kando ya jeneza, karatasi ameisogeza mbali na macho kwa sababu miwani aliisahau nyumbani. Alisoma tarehe ya kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, nami nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama wa Magoma, mtandio nimeuvuta usoni, nikiitikia kama wenzangu. Kisha akasoma hivi: "Marehemu aliwahi kufuga nyoka kwa kibali pale Korogwe mjini. Mradi huo ulikufa kwa makosa ya mikono yake mwenyewe, kama alivyokuwa akipenda kusema." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kumkumbuka mtu na vituko vyake. Mama aliyekaa karibu yangu akanigusa begani, "Nyoka! Mzee Yohana naye!" Sikucheka. Nilishika mkeka kwa mikono miwili, kwa sababu hapo, mbele ya watu wote wale na mbele ya mchungaji, mimi peke yangu ndiye niliyejua kuwa mikono ile haikukosea chochote. Iliyokosea ni hii yangu.

Mimi ni Mzigua wa Handeni, naitwa Zaina, na siku hizi nina mgahawa wangu Mombo, wasafiri wa mabasi wananijua kwa supu. Lakini mwaka ninaotaka kuusema niliuishi Korogwe, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi kwenye vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba ya Mzee Yohana na mkewe, Mama Eliza. Wasambaa wa milimani wote wawili. Mzee alikuwa ameuza shamba lake la huko juu, shamba la urithi, akajenga vyumba vile, akapanga vizimba vya mbao vyenye vioo mbele, akaweka nyoka. Walikuwa wanauzwa nje, kwa watu wanaowafuga sebuleni kama sisi tunavyofuga kuku uani. Mimi nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilisema hee, mtu mzima na akili zake? Mzee akacheka mpaka akakohoa. Chumba cha kwanza kilikuwa cha chatu, cha pili cha wale nyoka wadogo wa kijani wa msituni, na cha tatu tulikiita chumba cha wageni, maana nyoka yeyote aliyetoka porini alikaa humo wiki kadhaa peke yake kabla ya kuchanganywa na wenzake. Mwaka huo maofisa wa wanyamapori walikuwa wameshawaambia wafugaji wote kwamba kukamata porini kunafungwa. Atakayeendelea na kibali ni yule tu atakayekutwa na nyoka wazima waliozaliwa kizimbani kwake, na ukaguzi ungekuwa mvua za vuli zikishaisha. Mzee hakuwa na shamba la kurudia. Alikuwa na chatu jike mmoja mkubwa, tuliyemwita Shangazi, na Shangazi alikuwa amebeba mayai.

Kazi yenyewe nilifundishwa kwa siku tatu, na mpaka leo naikumbuka kuliko nilivyofundishwa darasani. Ukutani mwa kila chumba kulikuwa na kipimo cha unyevu, cha duara, kina mshale. Mzee alikuwa akikiangalia asubuhi kabla hata ya kunawa uso. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "nyoka akikaa pakavu, gamba halitoki zima. Linatoka vipande, linamganda machoni, linambana mkia mpaka ncha inakufa. Akikaa pabichi sana, anaota malengelenge tumboni na kifua kinaoza. Sisi tunataka unyevu, hatutaki matope." Chini ya vizimba tulitandika makumbi ya nazi yaliyosagwa. Alinifundisha kuyakamata kwa ngumi: yakishikana bila kudondosha tone, yamekaa sawa. Joto la Korogwe mnalijua. Kufika saa tano asubuhi mshale ulikuwa umeshashuka, na hapo nilivaa bomba la mgongoni, lile wanalopulizia dawa mahindi, ila letu lilikuwa jipya na halijawahi kuona dawa, nikapita kizimba kwa kizimba nikinyunyiza ukungu mwembamba. Nyoka wa kijani walikuwa wanainua vichwa wakiusikia. Nilipenda saa ile, nakiri, nilijiona mtu wa maana.

Na maji ya kunywa. Kila kizimba kilikuwa na bakuli zito ambalo nyoka hawezi kulipindua, na chatu wao walikuwa na mabeseni ya kulala ndani. Sheria ya Mzee ilikuwa moja: kila baada ya siku moja, bakuli linatoka, maji yanamwagwa yote hata kama ni meupe, bakuli linasuguliwa kwa sabuni mpaka ule utelezi wa ndani uishe, linalowekwa kwenye dawa ya klorini, linasuuzwa, linaanikwa juani, ndipo linawekwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Nyoka akijisaidia ndani, hata kama umebadilisha dakika tano zilizopita, unamwaga tena. Mama Eliza alichemsha sufuria mbili kubwa kila jioni kwa kuni, akinung'unika. Majirani walisema uani kwetu, tena kwa sauti, "Nyoka wa Yohana wanakunywa ya kuchemsha, sisi tunakunywa ya mtoni." Mzee aliwajibu kuwa wakija kuuzwa Ulaya na wao atawachemshia.

Sasa mimi nimwage maji! Labda mtu wa milimani, aliyezaliwa mto unapita nyuma ya jiko, hawezi kunielewa. Kwetu Handeni miaka ile, kiangazi kikikaza, tulitoka alfajiri kwenda lamboni, tukirudi jua limesimama, ndoo moja kichwani. Maji yaliyooshea vyombo yaliosha miguu, yakatoka miguuni yakaenda kwa mbuzi au kwenye mpapai. Yale ya lambo yakiwa kama chai ya maziwa, mama anayakorogea shabu, anafunika, kesho yake uchafu wote umelala chini na juu una maji meupe ya kumpa mgeni. Mtoto akimwaga maji alichapwa, na hakuna jirani aliyekuja kumwombea msamaha. Siku ya kwanza Korogwe nilimwaga beseni la Shangazi mbele ya Mzee, lita kama ishirini za maji unayoona chini yake, na wallahi nilihisi nimeiba. Mzee akasema, "Safi." Niliyaangalia yanavyozama kwenye mchanga mpaka yakaisha.

Wiki ya pili nikaanza kuficha. Nyuma ya banda la kuni niliweka pipa la plastiki lililovunjika mdomo. Kila maji ya bakuli niliyotakiwa kumwaga niliyatia humo, nikakoroga shabu niliyotoka nayo nyumbani, nikafunika kwa gunia. Asubuhi yalikuwa meupe, ukiweka mkono unaona mistari ya kiganja. Mabakuli niliyasugua kama nilivyofundishwa, na ya kunywa niliweka yale ya kuchemsha, hapo sikudanganya. Lakini bomba la mgongoni nililijaza pipani. Nilijiambia haya si ya kunywa, ni ya kulowanisha tu makumbi na kuta, na ni masafi kuliko niliyokunywa mimi miaka yote. Nilikuwa na furaha ya mjinga. Niliona nawasaidia: namwokolea Mama Eliza kuni, namwokolea Mzee maji, na siku nikija kumwambia atasema binti huyu ana akili.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri, na ndiyo inayoniuma zaidi nikiikumbuka. Tulikula pamoja, mezani kwao, kwenye sebule yenye vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya kila kiti. Mama Eliza alipika makande yenye maharage mengi, na kwa kuwa alijua mimi ni Mwislamu, kuku hakuchinjwa pale mpaka aitwe kijana wa msikitini aje achinje. Sikuwahi kumwomba. Mzee alikuwa akila anasimulia: Shangazi akishataga, akishajizungusha kwenye mayai, sisi kazi yetu ni kukaa kimya na kuangalia mshale tu. Siku moja chatu mmoja akavua gamba zima, kuanzia mdomoni mpaka ncha ya mkia, hata vile vifuniko vya macho vimo. Mzee akaliinua mbele ya dirisha, refu kuliko yeye, akaniita, "Zaina! Njoo uone mikono yako ilichofanya!" Alilitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yao. Mama Eliza akasema, "Yohana, wageni watakimbia." Likabaki palepale.

Kisha wakulima wa Kerenge wakaleta chatu dume waliyemkuta mpungani. Mzee hakuwa na ruhusa ya kununua wa porini tena, lakini alimpokea kwa huruma, maana walikuwa wameshika mapanga. Alipomfungua nilisikia anapumua kwa sauti, kama mtu mwenye mafua, na pembeni mwa mdomo kulikuwa na povu. Akamweka chumba cha wageni. Akaniambia neno ambalo nalisikia mpaka leo nikiwa nakata vitunguu: "Maji ya huyu usiyachanganye na ya nyoka mwingine. Toka nayo mbali, kamwage kule kwenye mkonge." Nikaitikia, ndiyo Mzee. Nikabeba beseni. Nikafika kwenye mkonge, nikasimama, nikayaangalia. Yalikuwa meupe! Hayakuwa na kinyesi, hayakuwa na gamba, hayakuwa na harufu. Nikageuka nikaenda nyuma ya banda la kuni, nikayatia pipani. Astaghfirullah. Kama siku zingerudishwa, mimi ningeomba dakika ile moja tu, sina haja ya nyingine.

Haikupita muda. Mmoja wa wale wa kijani akaanza kukaa na mdomo wazi, kichwa amekielekeza juu. Mzee akaangalia mshale, akasema tumezidisha unyevu, punguza. Nikapunguza. Kesho yake wawili zaidi. Fizi zikavimba, zikatoa usaha mweupe kama jibini. Kwa kuwa tulipunguza, chatu mmoja gamba likamtoka vipande vipande, Mzee akashika kichwa, "Nimekausha! Zaina, nyunyiza mara tatu kwa siku." Nikanyunyiza mara tatu. Mnaelewa? Nilikuwa nawapulizia ugonjwa kwa bomba, kila kizimba, kila asubuhi, mchana na jioni, kwa bidii, na nikimaliza nafuta vioo ving'ae. Mzee akakonda. Alihamisha vipimo kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, akavifunga kwenye mfuko na chumvi iliyolowa kuvijaribu kama vinasema kweli. Vilikuwa vinasema kweli. Mchana mmoja nimejilaza kwenye chumba nilichopewa nyumbani kwao baada ya kula, ukuta wa pili nikawasikia. Mama Eliza alisema, "Labda ni ugonjwa tu, baba Eliza. Ugonjwa huja." Naye akasema, "Hapana. Ni mkono wangu. Leo nazidisha, kesho napunguza. Nimeuza shamba la baba yangu nije nifanye kazi nisiyoijua." Kisha nikasikia kitanda kikilia, mtu akijigeuza. Mpaka hapo nawaapia sikuwa nimejua. Nilimhurumia tu.

Nilijua siku alipokuja bwana mifugo wa wilaya. Alikuwa mtu wa ng'ombe na mbuzi, alisema wazi nyoka hawajui sana, lakini alikuwa na akili ya kuuliza. Alimshika mmoja, akamfungua mdomo kwa kijiti, akatazama, akauliza mabakuli yanaoshwaje. Mzee akaeleza. Akauliza matandiko yanabadilishwa lini. Mzee akaeleza. Akasimama mbele ya bomba langu lililotundikwa mlangoni, akalitikisa, akauliza, "Na haya ya kunyunyizia mnatoa wapi? Maana nyoka wengi hawaendi bakulini, wanalamba matone yaliyo mwilini mwao. Na huu ukungu wanauvuta." Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, Mzee akajibu kwa ukali kidogo, kama mtu aliyetukaniwa mtoto, "Hayohayo ya kuchemsha. Huyu binti ni msafi kuliko mimi, hajawahi kunidanganya." Bwana mifugo akanigeukia. "Eti binti?" Nikasema, "Ndiyo, ya kuchemsha." Maneno matatu. Akaandika kwenye daftari lake, akashauri dawa ya sindano, akasema chanzo huenda ni hewa ya chumba au kipimo cha unyevu kutokaa sawa. Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, ndicho alichokuwa anakiamini tayari.

Jioni ile nilimwaga pipa lote. Nililipasua kwa shoka nikachoma vipande, nikaosha bomba kwa klorini mpaka mikono ikachubuka. Nikaanza kunyunyiza maji ya kuchemsha, nikiomba Mungu awaponye kimyakimya ili nisilazimike kusema. Mungu hakuingia kwenye mpango huo. Wa kijani waliisha kwanza, kisha chatu mmoja mmoja, hata yule wa Kerenge. Shangazi alitaga, mayai mengi, meupe, akajizungusha juu yake kama Mzee alivyosema, na kwa siku tisa tulitembea kwa ncha za vidole. Siku ya kumi nilimkuta amejikunjua, ametoka kwenye mayai, amelala ndani ya beseni la maji, kichwa kimeegemea ukingo, anapumua kwa mdomo. Mzee alikaa naye juu ya kigoda. Alimwita kwa Kisambaa maneno ambayo sikuyaelewa yote. Akafa adhuhuri. Mayai yaliota ukungu wa kijani, tukayachimbia shimo palepale kwenye mkonge.

Wakaguzi walikuja mvua zikiisha, wawili, wenye heshima zao. Niliwapitisha mimi, kwa sababu Mzee alisema hawezi. Vizimba vilikuwa vinang'aa. Mabakuli yote yameanikwa juani kwa mstari, makumbi mapya, vioo huoni hata alama ya kidole. Hakukuwa na nyoka hata mmoja. Mkaguzi mmoja akasema, "Pamoja na yote, usafi nausifu," akaandika, akafunga faili. Wiki iliyofuata Mzee alianza kuuza vioo, na nyumba ikafuata. Siku ninaondoka alinipa barua aliyoiandika kwa mkono wake, kwamba mleta barua hii ni mwaminifu na msafi, anafaa kwa kazi yoyote. Nilitaka kukataa, nikashindwa kusema kwa nini nakataa. Kwa barua hiyo nilipata kazi ya jikoni kwenye bweni la shule moja, na hapo ndipo nilipopata mtaji wa mgahawa. Wao walihamia Magoma, kwenye kiwanja cha ukoo wa Mama Eliza. Nilikuwa naenda kuwaona mara moja kwa mwaka, mara nyingine mbili, nabeba mchele na sukari. Kila safari nilipanga kusema. Mzee ananipokea, "Karibu mwanangu," tunakula, jua linazama, narudi Mombo na neno langu tumboni. Miaka ikapita hivyohivyo, mpaka Mama Eliza aliponipigia simu Jumanne moja kusema Mzee amelala hajaamka.

Baada ya kuzika, watu walipokwenda kwenye chakula, niliingia ndani alikokaa Mama Eliza na khanga yake nyeusi kichwani. Nilipiga magoti. Nikasema yote, pipa, shabu, maji ya chatu wa Kerenge, na lile jibu nililompa bwana mifugo. Sikujitetea. Alinisikiliza bila kunikatiza, akiangalia mikono yake. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ndogo, ya kawaida kabisa.

"Tangu tuje hapa hajafuga hata kuku," alisema. "Alisema mkono wake hauna baraka. Eliza amezaa watoto watatu, wote wamelelewa humu ndani. Hakumpakata hata mmoja akiwa mchanga. Nikimpa mtoto anarudi nyuma, anasema mpe mwingine, mimi naua. Mimi nilidhani ni uzee."

Nikasema, "Mama, nisamehe."

"Ungemwambia yeye siku ileile angekusamehe, na angecheka. Ungemwambia hata Pasaka, ulikuja hapa, ulikaa kwenye kiti hicho." Akajifuta uso kwa pindo la khanga. "Mimi siwezi, Zaina. Sina wa kumwambia tena kwamba hakukosea. Nenda ukale, umetoka mbali, halafu uende zako. Siku ya kumaliza msiba usije."

Nilisema, "Sawa, mama." Nilitoka nje, nikapewa sahani ya wali na nyama, nikakaa pembeni ya turubai peke yangu. Nilikula wote. Nilikuwa na njaa, na hilo nalo naliona aibu mpaka leo.